Chumba cha Watu Wawili

Kwako Kaka Mkubwa, ambaye wadogo zako tunakuita Kamanda ukiwa umetupa mgongo,

Hujambo? Wifi hajambo, na watoto je? Yule kitinda mimba ameacha kula chaki? Na mgongo wako vipi, bado unakukamata ukiinama kufunga kamba za viatu? Sisi huku wazima, miguu tu ndiyo inanilaumu kwa sababu ya ngazi. Ila nina jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu, halimezeki wala halitemeki. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa kuwa nakujua. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote. Kwa hiyo kaa kitako, na kama kuna kikombe mkononi, kiweke chini.

Habari inamhusu Mama. Yeye ni mzima kabisa, usiogope kwa hilo. Unadhani yuko kwa Mjomba anapumzika, nami nilidhani hivyo hivyo. Kumbe sote wawili tulikuwa tumelala fofofo. Lakini ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana nikirukia mwisho utasema nimechanganyikiwa na hewa ya ugenini.

Unakumbuka ulivyonisema nilipostaafu mapema. Uliuliza mwalimu wa nidhamu mwenye nguvu zake anaachaje kazi kwenda nchi ya watu kutandikia wageni vitanda. Nilikujibu kwamba nimechoka kupayuka, na kwamba shemeji yako amekaa huku miaka mingi akifunga mabomba ya watu bila kuona sura ya mkewe asubuhi. Basi nyumba tuliyoipanga imebanwa kati ya duka la vioo na ofisi ya wakili. Ina vyumba vitano na ngazi zinazolia hata paka akipita. Chumba cha mbele kinakula kelele zote za malori. Cha juu kabisa paa lake limeinama, na kila mgeni mrefu hujigonga kichwa ingawa namwonya kabla hajapanda. Kizuri ni cha nyuma, chenye dirisha la uani na kitanda kipana, ndicho tunachokiita chumba cha watu wawili.

Kazi yenyewe si lelemama. Mashuka hayakauki, taulo zinaota miguu, na mgeni mmoja akinyanyuka na sabuni, wa pili ananyanyuka na sahani ya sabuni. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa dereva wa lori wa huku huku, akajitupa juu ya shuka jeupe na viatu vyake. Nilimkemea kwa Kiswahili kama ninavyomkemea mwanafunzi wa darasa la tatu. Shemeji yako alitaka ardhi impasukie aingie. Dereva akavua viatu, akaomba radhi kwa ishara, na tangu siku ile akipita mji huu halali kwingine. Anasema anapenda kugombezwa kwa lugha asiyoielewa.

Wageni wengi hata hivyo ni watu wa kwetu, wanaokuja kutibiwa kwenye hospitali ya macho iliyo mtaa wa pili. Na hapo ndipo nilipoingiza shule yangu. Niliweka sheria kwamba mwanamume na mwanamke wakitaka chumba cha watu wawili, kwanza nawatenganisha. Bwana anakaa sebuleni, bibi anakuja jikoni. Nawauliza kila mmoja peke yake walioana wapi, nani alisimama shahidi, na siku hiyo walikula nini. Majibu yakilingana, wanapata ufunguo. Yasipolingana, kila mtu na chumba chake. Shemeji yako aliniuliza kama tumefungua nyumba ya wageni au kituo cha polisi. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kufuga ushenzi chini ya paa langu. Wapo waliogeuza njia. Wapo wazee wenye wajukuu waliogombana jikoni kwangu kwa sababu babu alisema walioana siku ya mvua na bibi akaapa kwamba jua lilikuwa kali. Ikabidi niwasuluhishe kwa chai. Wageni wakanibandika jina la Mwalimu wa Zamu, nami nikalipokea kwa mikono miwili.

Wiki iliyopita shemeji yako akaniambia amepokea simu ya mzee mmoja anayekuja kupasuliwa mtoto wa jicho, pamoja na mkewe, na kwamba amewawekea chumba cha nyuma. Akaniomba sana, hawa nisiwahoji. Nilimjibu kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akaenda zake kukaza bomba ambalo halikuwa limelegea.

Jumatatu alasiri nilikuwa napiga deki ngazi, kengele ikalia. Nikafungua na ndoo mkononi. Kaka, alikuwa Mama. Amesimama na begi lake la bluu, amejifunga kitambaa chake cha kutokea. Nyuma yake, akimshika mkono ili asikose kizingiti, alikuwa Mzee Tepu. Ndiyo, huyo huyo Mzee Tepu jirani yetu, fundi cherehani aliyetushonea sare za shule zenye pindo la kutosha mpaka darasa la saba, aliyekushonea suti uliyoolea wifi. Mama akaniuliza kama huku wageni hupokelewa kwa kutumbuliwa macho.

Nilidhani amemsindikiza jirani hospitalini, na moyoni nikamsifu kwa wema wake. Nikasema nitamwandalia yeye chumba cha mbele, na Mzee nitampa cha juu, maana si mrefu. Mama akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba wameshawekewa chumba cha watu wawili, na humo ndimo watakamolala yeye na mumewe.

Nilihisi ndoo imeniponyoka, na kweli ilikuwa imeniponyoka. Maji yakamfikia Mama miguuni, akavua viatu.

Sasa sikiliza nilichofanya, nawe ucheke kama unaweza, mimi sijaweza bado. Mtu akipigwa na bumbuwazi hushika alichokizoea. Nikamkalisha Mzee Tepu sebuleni, nikampeleka Mama jikoni, nikaanza kuwahoji. Mama yangu mzazi, aliyenizaa, nikamuuliza ameolewa wapi! Akavuta kigoda, akaniambia ni kwa msajili, pale pale mjini kwetu, na kwamba huu ni mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu, Kaka! Nikakimbilia sebuleni. Mzee Tepu haoni vizuri, alikuwa anajibu akilitazama pazia, akidhani ndimi. Naye akasema mwaka wa tatu. Akaeleza bila kuulizwa kwamba walitoboa mlango katika ule ukuta wa uani unaotenganisha nyumba zao, na kwamba sikukuu zikikaribia hubeba kandambili zake na dawa zake na kurudi upande wake, ili wewe ukifika umkute ni jirani. Wewe mwenyewe umewahi kumsifu mbele yangu, ukasema jirani yule ni mtu wa maana, ukihitaji kiti tu, anacho mkononi.

Lilibaki swali la mashahidi. Nilimuuliza Mzee, akanitajia watu wawili. Nikasema moyoni kwamba macho yamempofuka na akili pia. Nikarudi jikoni nikamuuliza Mama, akanitajia wale wale. Shahidi wa kwanza ni mume wangu, safari ile aliyokuja huko kumzika shangazi yake. Wa pili ni wifi. Mkeo, Kaka. Siku ile uliyoambiwa amekwenda kumuuguza Mama homa, hapakuwa na homa yoyote. Alikuwa jikoni kwa Mama anakaanga kuku wa harusi.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Nikauliza nani mwingine anajua. Mama akasema Mjomba anajua, ndiye aliyekudanganya safari hii. Wadogo zetu wanajua, majirani wanajua, muuza mkaa anajua, hata daktari wa meno wa Mama anajua. Tusiojua ni mimi na wewe peke yetu.

Nikalia, nikamuuliza tumemkosea nini hata atufiche sisi watoto wake wakubwa, tunaompenda na kumhangaikia. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alisema, “Wewe ungenihoji, na kaka yako angenihamisha.”

Nami nilikuwa nimekaa mbele yake na swali lingine mdomoni, na wewe huko unampakia rangi chumba cha kumhamishia kwako.

Sitakuficha, nimekasirika. Nimemkumbuka marehemu Baba nikaona kama amesukumwa kitini. Nimemnunia shemeji yako, kila tukitaka kuzungumza tunampitia dereva wa lori, ambaye haelewi neno. Lakini pia nina macho. Asubuhi ya pili nilikuwa napeleka taulo, nikamsikia Mama anamsomea mumewe ile karatasi ya masharti niliyobandika mlangoni, na anaongeza ya kwake. Eti sharti la saba, mume haruhusiwi kukoroma kabla mke hajapata usingizi. Mzee akabisha kwamba hilo halimo. Mama akamwambia asubiri apasuliwe, aje asome mwenyewe. Wakacheka mpaka Mama akakohoa. Nilibaki ngazini na taulo zangu, nikashindwa kubisha hodi. Sijui mara ya mwisho ni lini mimi nilimchekesha hivyo.

Upasuaji umekwenda salama. Alipofunguliwa bendeji hakutazama ukuta wala dirisha, alimtazama Mama, muda mrefu, mpaka daktari akajifanya anatafuta kalamu. Mama akamwambia aache kushangaa, alishaoa, hakuna kurudisha.

Sasa yanakuja yako. Jumapili umepanga kwenda stendi kumpokea Mama na kumpeleka moja kwa moja kwenye chumba ulichomtengenezea. Mama anakushukuru kwa chumba, anasema rangi ni nzuri kwa alivyosimuliwa na wifi, lakini ana nyumba yake na ana mume wake. Watashuka wote wawili. Kaka, amenituma nikwambie neno kwa neno. Ukimpa mumewe shikamoo, wataingia kwenye gari lako na utawafikisha mlangoni kwao, na chai utakunywa. Usipompa, watakupita kama wasafiri wengine, watachukua teksi, na yeye hatakanyaga tena nyumbani kwako, sikukuu wala msiba. Nilijaribu kumlainisha, hakulainika. Huo ukaidi wetu tunaojivunia, mimi na wewe, hatukuuokota njiani.

Na wifi usimguse, hata kwa jicho. Ametunza siri ya mtu mzima mwenye haki ya siri yake. Ukiona hasira imepanda, jiulize kwanza kama nilivyojiuliza mimi: kwa nini Mama alimwona mkeo anafaa kusimama naye siku ile, na sisi akaona tunafaa kudanganywa? Mimi sijapata jibu linaloniacha nimelala vizuri.

Nisalimie watoto wote, na wale mapacha wa jirani. Dereva wa lori anakusalimu bila kujua wewe ni nani. Shemeji yako anakusalimu, anaomba umsamehe, na mimi nitamsamehe, ila si leo. Mama anakusalimu na anasema stendi kuna baridi, uvae sweta.

Na Baba, ambaye amekaa hapa pembeni yangu anajaribu kusoma saa ya ukutani kwa macho mapya, anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa Zamu