Shimo Lenye Milango Miwili

Dongpu,
mwezi wa mwisho wa mwaka, theluji ya jana bado iko mlangoni.

Kwako Dada Fengying,

Nakuamkia mara mbili. Ya kwanza kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, na ya pili kwa kuwa ulinibeba mgongoni hadi mgongo ukapinda, na leo watu wakikuona wanadhani ni uzee. Shikamoo, dada. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Makaa mnapata ya kutosha? Sisi huku ni wazima. Wifi yako ni mzima, na ulimi wake ni mzima kumzidi mwenyewe. Farasi alikohoa kidogo, nikamnywesha tangawizi na pombe ya mtama, sasa akikimbia gari linabaki nyuma likiuliza njia. Usiniamini mimi, waulize majirani.

Binti yako Xiaoman naye hajambo. Yuko jikoni anakatakata kabichi, na kila nikikohoa ananiuliza kupitia mlangoni, "Mjomba, lile neno umeshaliandika?" Namjibu bado niko kwenye salamu. Anasema, "Salamu gani hizo tangu asubuhi, unamsalimia dada yako au unausalimia mkoa mzima?" Mdomo huo hakuutoa kwetu wanaume.

Basi. Barua yako niliipata na niliisoma mwenyewe, isipokuwa pale ulipoandika kwa hasira, herufi zimepandana, pale nilisomewa. Ulisema neno la kukataa umeshalipeleka, lakini bila mjomba halijakamilika, na mjomba ndimi, kwa hiyo niende Liugou nikaitazame nyumba ya huyo kijana Baotian, msuka nyungo, anayemtaka Xiaoman. Nitazame, nishukuru, ninywe maji, nisile. Maana desturi yetu wewe na mimi tunaijua: mjomba wa msichana akila chakula cha nyumba ile, amekubali, akiondoka na njaa yake, amekataa, na hakuna mtu aliyelazimika kumtamkia mwenzake neno baya. Ukaandika chini kabisa, kwa mkono mzito hata karatasi ikatoboka, kwamba umeshamzika mwanamume mmoja aliyekuwa akitafuta mkate wake chini ya ardhi, na binti yako haolewi shimoni.

Nilikuelewa, dada. Siku ile kabla ya kuondoka nilikula mikate ya mvuke mpaka wifi yako akaificha iliyobaki, ili kusiwe na chakula duniani cha kunishawishi. Nilikwenda nimeshiba kama gunia.

Ngoja kidogo, nimtazame farasi.

Nimerudi. Hana neno.

Barabara ya Liugou ni barafu tupu. Mtu mwingine angerudi. Mimi niliipita na gari langu, hatamu kwa mkono mmoja, wa pili nimeuweka mfukoni. Nikafika kwenye mashamba yao ya mierebi pale kando ya mto, kwenye mchanga mchanga. Majira haya hayana cha kutazama, ni mistari ya visiki vifupi vimevimba kama ngumi za wazee. Fito zenyewe walishazikata wakati wa joto kali, wakazimenya ganda siku ileile kabla halijang'ang'ania, wakazianika zikawa nyeupe kama tambi. Baba yake Baotian, Mzee Qu, nilimkuta anakagua visiki alivyotafuna sungura. Mtu mfupi, mnene, mikono yake kama mizizi. Nilipojitambulisha kuwa ndimi mjomba, alinyoosha kofia yake kama mtu anayepigwa picha.

Nilitaka ajue tangu mwanzo kwamba hashughuliki na mjinga. Nikamwambia kule Kaskazini-Mashariki, nilikokwenda ujana wangu, niliona kikapu cha fito kilichosukwa kwa ufundi hata kinachota maji kisimani, tone halidondoki. Mzee Qu akaitikia kwa adabu, "Ajabu kweli, mjomba." Tulipofika kwake akaniletea maji ya kunywa. Nikanywa, nikajifuta, nikaendelea kueleza kikapu changu. Mkewe akashindwa, akacheka huku kafunika mdomo. Nikatazama nilichoshika. Ndoo ya fito za mierebi, dada, imelowa, imevimba, haivuji. Kila kisima cha kijiji kile kina yake. Nikasema, "Ndiyo, kama hii, ila ya kule ilikuwa kubwa."

Sasa kuhusu shimo. Lazima nikueleze ili usidhani wanaishi chini kama panya. Wanalala juu, kwenye kitanda cha udongo chenye moto chini yake, kama mimi na wewe. Ila kusuka lazima washuke. Ufito mkavu haukunjiki, unakatika. Juu huku upepo wa kaskazini unaukausha mikononi mwako kabla hujamaliza kuupinda, lakini chini kuna unyevunyevu na joto la ardhi, ufito unakuwa laini kama sikio. Basi kila nyumba imechimba shimo kimo cha mtu, juu magogo, juu ya magogo mabua ya mtama, juu ya mabua udongo. Mlango ni tundu moja lenye ngazi, limefunikwa mkeka. Humo wanakaa majirani pamoja kutwa, wanasuka na kusengenya.

Mzee Qu alisema, "Mjomba, karibu chini, juu huku utaganda." Nilishuka. Sikuogopa hata kidogo.

Walikuwapo Mzee Qu, Baotian, na jirani mmoja aitwaye Hou, ambaye meno yake ya mbele yamekwisha kwa kukata uzi wa katani. Baotian ni mrefu, kimya, masikio yamejitokeza. Nikaona, hapa pana watu wanaokaa kitako na hawana pa kukimbilia, niwape hadithi. Nikawapa ile ya usiku niliomfunga mbwa mwitu kwenye gari nikidhani ni farasi, nikaendesha hadi alfajiri. Hou akauliza bila kuinua kichwa, "Na akakubali hatamu?" Nikasema alikubali. Akasema, "Heri yako. Mke wangu hakubali hata shauri." Nikawapa ile ya barafu iliyopasuka nyuma ya magurudumu yangu mto mzima. Hou akasema, "Mjomba, hebu shuka kwenye gari kidogo upumzike, tumechoka kwa niaba yako."

Nilicheka. Lakini dada, sikuwa nimetulia. Nilibadili mkao. Nikabadili tena. Magoti yakaanza kucheza yenyewe. Nikayatazama yale magogo ya darini, na unyevu unaochuruzika kwenye udongo, na harufu ile. Unaijua harufu ile. Ndiyo iliyokuwa kwenye nguo za shemeji Shouren ulipokuwa ukizifua, na ndiyo iliyokuwa kwenye mdomo wa mgodi siku zile tulizosimama pale wewe na mimi, tukisubiri wamtoe. Pumzi ikaniishia. Nilikuwa katikati ya hadithi na neno halikuja. Hebu fikiria, mimi, neno lisije! Nikapanda ngazi kama paka, nikaunyakua mkeka wa mlango na kuutupa uani.

Upepo wa kaskazini ukaingia wote. Mzee Qu alikuwa anaukunja ukingo wa ungo mkubwa, ungo wa kupepetea wa kuagizwa, kazi karibu imekwisha. Nikasikia fito zinalia kak, kak, kak, kama mtu anatafuna kunde kavu. Ukingo wote ukafunguka mikononi mwake.

Hou akasema, "Haya. Mbwa mwitu wa mjomba ameingia."

Mimi nilibaki juu ya ngazi, kichwa nje, miguu ndani, nikingoja matusi. Nilitaka atukane, nakwambia ukweli. Angetukana, ningeondoka na njaa yangu, kazi yako ingekuwa imekwisha, ningerudi nyumbani mapema. Mzee Qu aliutazama ungo, akautazama mguu wangu uliokuwa ukitetemeka kwenye ngazi, nadhani kwa sababu ya baridi. Akamwambia Hou, "Wacha mlango wazi." Hou akauliza, "Na fito?" Akasema, "Fito tutazitemea maji. Mgeni anataka hewa." Akachukua maji mdomoni akawa anayapuliza kwenye kazi, phuu, phuu, kama mpiga pasi, na wote wakaendelea kusuka wakitetemeka, mlango wazi, kwa ajili yangu.

Xiaoman ananiuliza tena. Nimemwambia sasa niko kwenye upepo. Anasema, "Basi upepo huo ukupeleke upesi."

Nilipotoka, Baotian alinifuata. Alisema, "Mjomba, twende ukaone kwangu." Hou akatoa kichwa nje kama kobe akapiga kelele, "Ndiyo, kampeleke hotelini!" Nikauliza hoteli gani. Baotian masikio yakawa mekundu, akatangulia.

Nyuma ya nyumba yao kuna shimo jingine, jipya. Dada, soma hapa polepole. Lile shimo lina milango miwili. Mmoja unatokea uani, wa pili unatokea karibu na jiko, kiasi kwamba ukiwa chini unasikia sufuria zikigongana. Halina ngazi ya kupanda kwa mikono, lina vidato vya udongo vipana, mtu mzima anashuka kama anaingia dukani. Upande wa kusini kuna dirisha la karatasi, jua linafika hadi sakafuni. Na kwenye kidato cha juu kabisa, nje, juani, kuna kiti cha udongo kimejengewa ukutani na kutandikwa mkeka.

Nikamwambia ukweli wake, maana mimi si mtu wa kupaka mafuta. Nikamwambia, "Kijana, hili shimo ni bovu. Hewa inapita kama sokoni. Fito zinakauka humu." Akasema anajua. Ndiyo maana anazifunga kwa magunia yaliyolowa, na ndiyo maana anasuka polepole kuliko kijiji kizima, na ndiyo maana wanamcheka. Nikamuuliza, mtu mwenye akili anachimba shimo la namna hiyo kwa nini?

Akasema Xiaoman alimweleza kwamba mama yake tangu msiba hafungi mlango wa chumba, hata wakati wa theluji. Akasema, "Mama akija kumtembelea mwanawe, hatashuka. Sisi huku wakati wa baridi tuko chini kutwa. Angekaa juu peke yake akihesabu kama tunatoka. Nikaona bora akae pale kwenye kiti, asishuke, lakini atuone. Na aone kwamba tukitaka kutoka, tuna pa kutokea huku na huku."

Alianza kulichimba ulipopeleka neno la kukataa, dada. Si kabla. Baada.

Nililipiga mateke lile paa. Nilining'inia kwenye magogo kwa uzito wangu wote, na mikate yote ile. Ni magogo ya mti mgumu, hayakulia. Nikaingia mlango huu nikatokea ule, nikaingia ule nikatokea huu, jirani wakaja kutazama wakidhani nimerukwa na akili. Kisha nikakaa kwenye kile kiti. Unanijua mimi: hata harusini kwangu nilisimama. Nilikaa, magoti yakanyamaza, nikamwona yule kijana chini anafungua gunia lake lililolowa na kuchukua ufito, na jua likawa mgongoni kwangu.

Sasa nilitaka kukuandikia kwamba walinitega. Nimeiandika hivyo kwenye karatasi nyingine kisha nikaichana: jiaozi za unga zimejaa nyama, mvuke unapanda, harufu imenishika pua kama ndoana, mkono umenyanyuka wenyewe. Ni hadithi nzuri, ungecheka. Haikuwa hivyo. Mama yake Baotian hakuwa amepika chochote cha mgeni. Walikwishakata tamaa tangu neno lako la kwanza, na hawakutaka kuniaibisha kwa meza ambayo ningelazimika kuikimbia. Hawakunipa chakula, dada. Niliomba mimi.

Nilisema kwa sauti, Hou akasikia, majirani wakasikia, "Mama, nina njaa." Mama yule alisimama mlangoni pa jiko kama aliyemwagiwa maji. Kilichokuwapo kilikuwa uji wa ulezi na figili za chumvi. Nilikula palepale kwenye kiti chako, nikalamba bakuli, nikaomba la pili. Na nilikuwa nimeshiba tangu asubuhi, kila kijiko kilishuka kwa kusukumwa. Mzee Qu alikuwa amekaa chini ya vidato na ungo wake uliovunjika mapajani, anajifanya anaushona.

Ndivyo nilivyofanya. Ulinituma nikatae, nikakubali. Ukitaka kunikana una haki. Peleka neno kwamba ndugu yako ni mlafi, hana akili, kula kwake hakuhesabiwi; watu watakuamini, wananijua. Ninachoomba ni kwamba kabla hujapeleka neno hilo uje. Usiahidi kitu, usile kitu, hata maji usinywe ukipenda. Njoo ukae kwenye kile kiti mara moja, kama kitakuwa kifupi au kirefu kwako useme, maana alikikadiria kwa kusimuliwa tu na Xiaoman. Nitakuja kukupokea stesheni na gari, na nitaendesha kwa mikono miwili.

Wifi yako anakusalimu. Wape salamu jirani zako wa uani, na yule mzee wa makaa mwambie bado nakumbuka alinishinda kunywa kwa ulaghai. Jifunike kifua.

Xiaoman ameuliza tena. Safari hii nimemjibu kwamba neno nimeliandika. Kisu kimesimama juu ya kabichi.

Wako mdogo, aliyekula,
Meng Shuanzhu