Siku za Rais, na Siku Yako Moja

Mama Zawadi wangu,

Mtoto wako ameniuliza swali, na nimeona nikuandikie wewe kuhusu jibu lake. Anataka kujua ulikufaje. Haulizi habari za ugonjwa. Ugonjwa anaujua, na majina ya dawa zako anayataja vizuri kuliko mimi. Anataka ile siku yenyewe, tangu asubuhi mpaka mwisho: nani alikuwa chumbani, ulisema nini, nani alikushika mkono. Barua hii nimeiacha wazi ili na watu wa kanisa letu waisome, maana wao wana karatasi nyingine inayoieleza siku hiyo, na karatasi hiyo haisemi kweli.

Swali la namna hiyo, kama unavyojua, ndiyo kazi inayonilisha. Cheka tu. Mimi niliyemaliza chuo na shahada ya historia, nikaja Texas nikaendesha basi la kupeleka abiria kwenye maegesho ya uwanja wa ndege mpaka mgongo ukakataa, mwishowe nilipata watu wa kunilipa nisome. Kazi ilikuwa kuziandika siku za rais mmoja wa zamani wa nchi hii, moja baada ya nyingine, kutokana na nyaraka za serikali: ameamka wapi, ameonana na nani, amempigia nani simu, amelala wapi. Wewe ukawaeleza wauguzi wenzako pale hospitali ya Irving, "Mume wangu amepata kazi ya kumchunga marehemu." Tangu hapo rais wa watu ukamwita "mgonjwa wako." Ulikuwa ukirudi kazini, hata viatu hujavua, unaniuliza, "Mgonjwa wako ameamkaje leo?" Nami nakupa ripoti kama mtu anayekabidhi wodi.

Nilikuchosha sana na kanuni za kazi ile. Kwamba ratiba peke yake haitoshi, kwa sababu ratiba huandikwa kabla. Rais anaweza kupangiwa kuonana na mabalozi, kumbe siku nzima yuko kitandani na homa. Lazima utafute karatasi ya pili, kama daftari la walinzi wa lango au orodha ya wale waliokuwa wakimuunganishia simu. Zikipatana, unaandika. Zisipopatana, unasema hazipatani. Na pale pasipo na karatasi yoyote, hata kama una hakika kabisa kwamba mtu huyo alikuwa anakula chakula cha mchana kama binadamu wengine, unaandika "hakuna kumbukumbu" na kuendelea mbele. "Labda" hairuhusiwi. Ulinisikiliza ukimenya viazi, kisha ukatoa hukumu: "Hiyo si kazi, Baba Zawadi. Huo ni umbea uliopangwa."

Kisha ukaugua. Irving wakafanya walichoweza, wakatutuma Houston, tukawa tunalala kwa binamu yako kule Sugar Land wiki za dawa na kurudi nyumbani wiki za mapumziko. Barabara ile tuliijua mpaka vituo vya mafuta vyenye vyoo safi. Kwenye kile kiti chako cha dawa, sindano mkononi, watu walikuletea zaburi na supu, na wewe ulipokea vyote kwa heshima. Wakishaondoka unaniambia, "Haya. Nisomee mgonjwa wako."

Hukutaka siku za vita na hotuba. Ulitaka siku aliyokatwa nywele, akampigia dada yake simu, akala, akalala mchana. Na ulikuwa na maoni.

"Huyu hanywi maji. Sikia, kutwa nzima kahawa."

"Hawakuandika maji, haina maana hakunywa."

"Na mkewe yuko wapi? Mbona simsikii?"

"Siku hiyo hayumo."

"Hayumo vipi na wanaishi nyumba moja? Mtafute!"

Nilipofika miezi aliyougua yeye nikaanza kuruka kurasa. Nilidhani nimeruka kwa ustadi. Ukafumbua jicho moja. "Jana ulisema amelala, leo yuko kwenye karamu. Umeruka."

"Nimeruka kidogo tu."

"Mimi si mtoto. Nipeleke kitandani kwake."

Nikasoma. Daktari kaingia. Daktari katoka. Mke kaingia. Daktari kaingia. Ukurasa mzima ni hivyo, mlango unafunguliwa na kufungwa, na hakuna mahali palipoandikwa anaumwa wapi. Ukasema, "Sasa huyo ni mgonjwa," kwa sauti ambayo sikuipenda, kwa sababu ilikuwa sauti ya muuguzi, na muuguzi huyo alikuwa hazungumzi habari za rais.

Ulipofariki tulikuzika huku huku Texas kama ulivyotaka, jambo ambalo kaka zako bado hawajanisamehe. Katibu wa kanisa, Bwana Josphat, alijitolea kuandaa programu ya ibada. Unamjua Josphat: moyo mkubwa, haraka kubwa zaidi. Katika kila msiba wetu hapa Dallas yeye ndiye huandika wasifu, na njia yake ni moja. Anachukua wasifu wa marehemu aliyetangulia, anabadilisha jina na picha, anapeleka kuchapwa. Mimi siku hizo kiatu cha kulia nilikuwa navaa mguu wa kushoto, sikuusoma. Basi kanisa zima likashika karatasi nzuri, inang'aa, inayosema ulilala kwa amani, ukizungukwa na familia yako, ukiwaimbia wajukuu wako wimbo uliokuwa ukiupenda.

Wajukuu, Mama Zawadi.

Jumamosi iliyopita Zawadi alikuja kutoka Plano na chapati alizopika mwenyewe, ngumu, usimwambie nimesema. Akaiweka ile karatasi juu ya meza yangu.

"Baba, mimi sina mtoto."

"Najua."

"Ama nilizaa nikasahau?"

Tukacheka wote wawili, kisha yeye akaacha kabla yangu. "Kama wajukuu si kweli, hapa kipi ni kweli? Familia ilimzunguka? Aliimba?"

Aliuliza kwa Kiswahili, yule yule ambaye tangu darasa la kwanza tunamsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza. Hapo nikajua hatanii. Mwezi mzima alikuwa anakuja, anaosha vyombo visivyo vichafu, anaondoka. Kumbe alikuwa anazunguka hilo swali.

Na mimi nilitaka kumwachia maneno ya Josphat. Yalikuwa tayari yamechapwa, tena kwa rangi. Ilibaki nitikise kichwa tu: ndiyo, uliimba, ndiyo, nilikuwepo. Lakini alikuwa amekaza taya kama ulivyokuwa ukikaza wewe daktari akiingia na majibu, na nikaona kwamba nikimdanganya sasa, ataishi na mama wa mtu mwingine. Mama wa ile karatasi simjui. Sijawahi kulala naye nyumba moja.

Nikamwambia hivi. Asubuhi, pale hospitalini, ulikataa uji. Daktari aliingia akasema leo una nafuu kidogo, akatoka. Nilikupaka mafuta miguuni. Ulilala, ukaamka, na kitu cha kwanza ukaniuliza gari nimelipaki wapi. Nikajibu kwa fahari kwamba nimepata mahali pazuri sana, chini kabisa, karibu na mlango.

"Pale penye kibao cha wauguzi?"

"Kibao sikukiona."

"Hapo ni pa watu wa zamu, Baba Zawadi. Wakifika wapaki wapi? Kichwani kwako? Hebu nenda utoe gari."

"Nitalitoa baadaye."

"Sasa. Na usikimbie kwenye ngazi, na hayo magoti yako."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na kwa mtu yeyote. Nilishuka. Nilipeleka gari ghorofa za juu, na wakati wa kurudi nikapotea, maana jengo lile la magari kila ghorofa imefanana na mwenzake, na mimi, bingwa mstaafu wa maegesho, nilizunguka kama kuku aliyetoroka sokoni. Nilipofungua mlango wako, muuguzi mmoja kijana alikuwa amesimama katikati ya chumba amekumbatia mashuka masafi. Alikuwa ametoka kwenda kuyachukua. Aliporudi, ulikuwa umeshakwenda.

"Kwa hiyo hapakuwa na mtu," Zawadi akasema.

"Hapakuwa na mtu."

"Hakuna aliyemshika mkono."

"Hakuna, mama."

Aliiangalia ile karatasi ya kung'aa. Halafu akasema polepole, kwa sauti yako kabisa, "Kichwani kwako," akacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kile kilio ambacho kanisani kiligoma kutoka. Sikumshika. Nilisubiri mpaka aliponyoosha mkono mwenyewe.

"Ulinipigia simu," akasema baadaye.

"Nilikupigia nikiwa nimesimama mlangoni."

"Niliiona. Mwenzetu mmoja alikuwa anahamia idara nyingine, mkubwa wetu anakata keki. Nikaigeuza simu kifudifudi. Nikala keki, Baba. Mama ameshakufa, mimi naongeza kipande."

Hicho ndicho alichokuwa amekibeba miezi yote hii, mtoto wako. Huko kwenye wasifu wa Josphat wewe unazungukwa na familia, na yeye kila akiusoma anajiona hayumo. Ningeweza kumwambia si kitu. Lakini angejua nasema tu. Nikaleta karatasi tupu.

Tuliiandika siku yako pamoja, pale pale jikoni, kama ninavyoandika za yule mgonjwa wangu. Uji. Daktari. Mafuta. Gari, na maneno yako yote, hata ya magoti. "Mume: kwenye jengo la magari, amepotea." Hilo nilisisitiza mimi. "Binti: Plano, kazini, anakula keki, simu ya baba haikupokewa." Hilo alisisitiza yeye, na nilipotaka kuiacha keki akanikata jicho. Nilipomaliza kuandika sentensi yake, mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo bila kuamini kwamba ameruhusiwa kuutua.

Tangu uondoke nyumba hii ina kimya ambacho sijakizoea. Kazini nikikuta siku yenye pengo, mkono unasita. Zamani pengo lilikuwa ni karatasi iliyopotea tu. Sasa nafikiri kuna mtu humo ndani, peke yake, na mlango umefungwa, na wote tuliompenda tuko mahali pengine tunafanya mambo ya kijinga.

Tulipofika kwenye pengo lako niliandika: "Tangu mume alipotoka mpaka muuguzi aliporudi: hakuna kumbukumbu."

"Ongeza," Zawadi akasema. "Andika labda alikuwa amelala."

"Kama ni labda, haiingii."

"Alikuwa mgonjwa. Amekugombeza, amechoka, amelala. Haiwezekani?"

"Inawezekana."

"Sasa?"

"Sasa haiingii, Zawadi. Hakuna aliyeona."

Akaninyang'anya kalamu. Akaandika pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo zilizobanana: "Labda alikuwa amelala." Akarudisha kalamu mezani, akaenda kuosha vyombo, na safari hii vilikuwa vichafu.

Kazini nimezikata "labda" za watu wenye vyeo na vitabu, bila huruma, wengine mpaka wakanilalamikia kwa wakubwa. Nilibaki nayo hiyo karatasi mbele yangu, kalamu ipo, mtoto amenipa mgongo, maji yanamwagika. Sikuikata.

Pumzika, mpenzi. Hivi ndivyo ilivyokuwa, na sasa wote wanajua.

Mumeo,
Baba Zawadi