Maoni ya Wodi ya Figo Kuhusu Nahodha Chenga

4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Za huko juu mlimani kwenye baridi? Mimi mzima, kwa kiasi cha uzee. Presha imetulia na miguu haivimbi kama mwezi uliopita. Kifurushi kimefika. Kamba nimeikagua mwenyewe, haijaguswa.

Umetaka maoni yangu kuhusu kitabu cha kwanza cha Nahodha Chenga. Maoni yangu ni kwamba mtu huyo angekuwa ndani. Nimekaa forodhani miaka thelathini na mmoja, nimefungua malori yenye sakafu mbili na majeneza yasiyo na maiti. Mtu anayevusha mbegu za magendo toka sayari hadi sayari, kwa chombo kilichopakwa rangi mpya upande mmoja tu, ningemsimamisha kabla hajazima injini. Halafu ana maneno matamu. Wa maneno matamu ndio wa kupekuliwa kwanza.

Lakini sikukisoma peke yangu. Unajua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunalala watu wanne kwenye mashine za kusafisha damu, saa nne nzima, mkono mmoja hautikisiki. Nilikuwa nasoma kimoyomoyo nikacheka, mshonaji wa kitanda cha pili akauliza nacheka nini. Basi nikaanza kuwasomea, na sasa wodi imegawanyika. Mshonaji anasema Chenga ana roho nzuri, kakosa tu mke wa kumnyoosha. Dereva mstaafu wa lori anasema mafuta aliyojaza hayafiki hata nusu ya safari. Fundi mwashi wa kitanda cha dirishani hajasema kitu; yapata miezi mitatu sasa hajamsemesha mtu. Ila juzi, nilipofika pale Chenga anapozima taa zote na kuelea kimya kando ya pete za barafu zinazoizunguka sayari, fundi alifumbua macho.

Leta cha pili.

Mama yako

19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu. Mimi sijambo, ila midomo imepasuka kwa baridi.

Cha pili na cha tatu hivi hapa. Maoni yenu nimewasomea wenzangu wakati wa chai. Mpishi yuko upande wa mshonaji. Mtaalamu wetu mkuu wa nyota yuko na dereva, mafuta hayatoshi. Lakini kuhusu pete za barafu, anasema mwandishi hakutia chumvi hata kidogo.

Nikusimulie jambo. Unajua kazi yangu ni mota zinazozungusha darubini. Miaka minne napaka grisi na kubana nyaya, na sijawahi kutazama, maana kamera ndiyo inayotazama. Wiki iliyopita kamera ilitolewa isafishwe, wakafunga lenzi ya kutazamia kwa jicho, wakaniita. Nikaona kiwingu kidogo cha nuru, kama pumzi kwenye kioo. Mkuu akaniambia, “Hizo ni nyota mabilioni. Nuru hiyo ilianza safari zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita.”

Mama, imesafiri muda wote huo bila kugusa chochote, ikaja kuishia kwenye jicho langu mimi mpakaji wa grisi. Nilishuka nikakaa kwenye ngazi ya mwisho. Chai ilipoa mkononi.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa salama, ipake mafuta hiyo midomo.

Barua yako niliisoma wodini. Kisha fundi mwashi akasema, kwa sauti iliyoota kutu, “Haikugusa chochote njia nzima?” Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akageukia dirishani.

Jumatatu iliyofuata hakuja, na Jumatano hakuja. Muuguzi akasema amepiga simu, amechoka, anataka kupumzika. Wodi yetu inajua maana ya neno hilo. Mimi na mshonaji tukaenda kwake. Ana chumba kimoja, mwiko na timazi vimeoshwa na kupangwa ndani ya ndoo. Uso wake ulikuwa umeshaanza kuvimba.

“Mama,” akaniambia, “mimi ni mtu wa kujenga. Pale nalala, damu inatoka, inarudi. Kesho kutwa tena. Kwa ajili ya nini?”

Nikamwambia jambo ambalo hata wewe sijakwambia: mwezi wangu wa kwanza niliacha kwenda mara mbili mfululizo, nawe ulipopiga nikasingizia mtandao. Nisamehe. Nilirudi tu kwa sababu jirani alinikuta nimekaa chini, akaita gari.

Kisha nikatoa kitabu cha tatu, nikasoma mpaka pale Chenga anapobanwa katikati ya miezi miwili, doria nyuma yake, nikakifunga. Nikasema sura inayofuata inasomwa wodini, mtu akiwa kwenye mashine. Fundi akasema huo si uungwana. Nikamkubalia.

Ijumaa alikuja. Daktari alimgombeza sana. Mimi nilisoma sura mbili.

Mama yako

15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Habari ya zile siku mbili nimeisoma nikaenda kulia karakana. Nimekusamehe, lakini usinifiche tena, nakuomba.

Dereva wa kituo chetu anakuletea darubini ndogo, kuukuu lakini nzima. Msiielekeze kwenye jua kabisa, inapofua. Subirini mwezi uwe nusu duara angani. Saa kumi na moja jioni, mkitoka kwenye mashine, utakuwa juu tayari na jua bado halijazama.

Binti yako

20 Mei

Mama,

Wiki tano kimya, na simu haipokelewi. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nilikuwa nimelazwa. Vijidudu viliingia kupitia mshipa wa mashine, homa ikanipiga wiki tatu, na simu niliiacha nyumbani. Sikukuficha, sikuwa najitambua. Sasa nakula, natembea.

Nilipozinduka nilisikia mtu anasoma. Alikuwa fundi mwashi, kidole kwenye mstari, silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza. Muuguzi anasema alikuja kila siku, hata zisizo zake. Kitabu amekimaliza. Maoni yake ni kwamba Chenga hakimbii askari, anachokimbia ni kulala.

Darubini ilikuwa inatetemeka kwenye meza. Fundi akaomba ruhusa kwa muuguzi mkuu, akajenga nguzo ya mawe uani. Kazi ya siku moja ilimchukua sita, anapumzika kila baada ya jiwe. Dereva alimpokeza mawe, mshonaji akashona kifuniko.

Jana jioni mwezi nusu ulikuwa juu ya paa la chumba cha kufulia cha hospitali, mweupe kwenye anga la bluu. Fundi alitazama wa kwanza, akakaa muda mrefu. Bila kuondoa jicho akasema, “Ukitaka kujua ukuta una matuta, usiumulike mbele. Umulike ubavuni. Jua linaumulika ubavuni.” Kisha akasema, taratibu, “Ile ni milima. Kuna kilele kimepata jua na chini yake bado giza.”

Mshonaji alitazama akajifunika mdomo. Dereva alivua kofia. Wauguzi wakatoka, wafuaji wakatoka na mikono yenye povu.

Zamu yangu ilifika. Mwanangu, miaka yote nimekagua kila kilichovuka mbele yangu, na ule mwezi nilikuwa sijautazama hata mara moja. Nilipoambiwa nipishe wengine, nilipisha, nikaenda kusimama tena nyuma ya foleni.

Mama yako