Ukucha wa Mwalimu Winfrida

Winfrida, mwenzangu,

Nakuandikia kwa maka peni, ile nene ya kuandikia mabango, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Herufi zangu zimekuwa kubwa kiasi kwamba mwezi mzima unaniishia kwa mistari michache. Ungeziona ungesema Naomi amerudi darasa la kwanza. Lile doa la katikati ya macho limepanuka. Nikimtazama mtu usoni namwona masikio tu.

Huku mjini Ukata, kahawa yako imechumwa. Mdogo wako alipanda kutoka kwenu Lipingo na vibarua, akaiuza mbichi kwa hao wanunuzi wanaokuja na magari yao, hakutaka hata kuhangaika kuikoboa. Nyumba yako kampangisha kijana muuza simu. Anafungulia muziki tangu asubuhi, na pale barazani ulipokuwa ukichambua maharage amebandika bango la vocha. Nikipita hapo nageuza uso, ingawa kwa macho haya haina maana yoyote.

Na kibao chetu kimenifungia mlango.

Unakumbuka mpwa wangu alipokileta kutoka Songea? Kifaa cheusi cha kusomea vitabu, mtumba, kakinunua kwenye vitu vya mkononi. Alisema, mama mkubwa, humu unakuza herufi unavyotaka. Mimi, mwalimu mzima kama wewe, nilikuwa nimeshaacha kusoma. Daktari wa macho alikuwa ameniambia hakuna miwani ya ugonjwa wangu na hakuna dawa, nitumie vizuri mwanga uliobaki, kana kwamba ni mafuta ya taa. Kumbe kulikuwa na hiki. Nilipoliona neno la kwanza limesimama pale, jeusi, nene, nililia mbele ya mtoto wa watu. Wewe ukasema kibao kama vile tulivyoandikia utotoni, basi jina likabaki hilohilo.

Ila kilikuja na ugonjwa wake. Vitufe vya pembeni vya kufungulia kurasa vilikuwa vizima, lakini kile cha katikati, cha kushukia kwenye orodha na kuchagua kitabu, kilikuwa kimeng'oka. Kilibaki kishimo, na ndani yake kijiti kidogo kilicholegea. Njiti ya kiberiti ilivunjikia humo. Sindano iliteleza. Siku moja ukachomeka ukucha wako wa kidole gumba, ukaulaza upande, ukasikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani, na orodha ikashuka. Ukasema, "Kumbe kinataka kubembelezwa tu."

Tangu siku ile hukuukata tena ukucha ule.

Wewe, Winfrida. Wewe uliyesimama paredi kila Jumatatu na rula mkononi, watoto wamenyoosha vidole, mwenye kucha ndefu anarudishwa nyumbani hata kama kwao ni mbali kule Namswea na mvua inanyesha. Mji mzima huu umepita chini ya rula yako. Halafu umestaafu, unatembea na ukucha mrefu kama wa bibi harusi. Walikusema. Yule mwenye duka la mbolea, uliyemfundisha mwenyewe, alikwambia mbele ya wateja kwamba leo angekurudisha nyumbani. Kanisani ulikuwa unauficha ndani ya khanga. Ukilima unaufunga kitambaa. Mtu akikuuliza ulimjibu neno moja, "Huu ni wa kazi," wala hukumweleza kazi gani, kwa sababu hukutaka watu wajue macho yangu yamefika wapi.

Kila alasiri ulikuja, ukanifungulia. Mimi nilisoma kwa sauti, wewe ulichambua maharage. Ulikataa kunisomea. Ulisema nisome mwenyewe maadamu ninayo macho, siku ya kusomewa itakuja yenyewe. Na katika hadithi yetu ile ndefu, ya mama mwenye pantoni aliyemfukuza mwanawe, tulikuwa tumebakiza sura mbili. Ulishika kwamba mtoto atarudi. Mimi nilisema harudi. Siku ile ya mwisho uliniambia niachie pale, kichwa kinakuuma, tutabishana kesho.

Sasa nikwambie yaliyotokea ulipokuwa umelala. Najua ulikuwepo, lakini hukuwepo.

Akina mama wa jumuiya walipokuosha nami nilikuwa chumbani, nimeshika beseni. Mama Otmar alikuwa na wembe. Alianza na mkono wa kushoto, nikawa nasikia tu, maana kuona siwezi. Alipofika mkono wa kulia nikasema, "Huo uacheni." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Hawezi kwenda kwa Mungu na kucha hivi." Ningebishana na nini? Ni wewe uliyemfundisha. Kama ungeamka pale ungempa alama zote.

Kisha nikasikia umekatika.

Sijui ni nani aliyeusukuma ulimi wangu. Nilinyoosha mkono, nikasema, "Basi nipeni mimi."

Winfrida, hebu fikiria walivyolisikia wao. Mwanamke wa kuja, wa kutoka Singida, asiye hata wa kanisa lao, anaomba ukucha wa maiti. Mimi mwenyewe nililisikia lilivyo baada ya kulisema. Mama Otmar aliuweka wembe chini. Aliziokota kucha zako zote, akazifunga kwenye pamba, akazisokomeza ndani ya jeneza chini ya mgongo wako, na mtu mwingine akanipokonya beseni.

Ulizikwa Lipingo kando ya mama yako, ziwa likisikika. Kwenye gari la kukupeleka walinipa nafasi ya nyuma, na hakuna aliyeniegemea hata njia ilipokuwa mbaya.

Hakuna aliyenitamkia neno uchawi mpaka leo. Afadhali wangenitukana. Wananiamkia, shikamoo Mwalimu, kisha miguu inaondoka. Watoto waliokuwa wakiniletea maji hawaji tena, mama zao wamewakataza. Nilimwendea Mama Otmar na kibao mkononi nimweleze. Nikamwonyesha kishimo, nikamwambia ukucha ulikuwa unaingia humu. Nikasikia kiti chake kinarudi nyuma. Nilikuwa nimekwenda kujisafisha, nikawa nimemaliza kujichafua.

Wakati wa msiba hakuna aliyekumbuka kukipeleka kibao kuchajiwa, kikazimika kabisa. Unajua tabia yake, kikizimika hivyo kinaamkia kwenye kitabu cha maelekezo, na kutoka humo hakuna njia ila ukucha. Basi nimesoma maelekezo, mwanzo hadi mwisho. Kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, maneno machache kila ukurasa. Yanasema ukitaka kurudi kwenye vitabu vyako, bonyeza kitufe cha katikati. Nilicheka peke yangu hadi nikaogopa.

Mpwa wangu alikuja akahangaika nacho, akashindwa, akaniambia ninunue simu kubwa. Aliniachia ya kwake nijaribu, nikigusa neno linanikimbia. Fundi wa Mbinga mjini aliuliza spea kila duka analolijua. Maduka yamejaa siku hizi, Winfrida, kila takataka ya dunia inafika hapa, ila kitufe cha ukubwa wa punje ya ulezi hakipatikani. Fundi alisema hata waliokitengeneza wameshakisahau. Nilimwomba ajaribu kwa ukucha. Alikuwa amezikata fupi. Anasema kwao shuleni walikuwa wanakaguliwa.

Nimekukosa. Niliseme hivyo bila kupamba. Nimekukosa alasiri, sauti ya maharage kwenye ungo, na mtu wa kubishana naye. Sina mwingine huku, na kwetu waliobaki hawanijui.

Nimeuacha wangu ukue. Wa kidole gumba cha kulia. Mkono wenye ukucha huo ndio watakaouona nikitoa sadaka, nikipokea chenji, nami sitauficha kwenye khanga, maana wameshaamua. Mara mbili umevunjika kwenye kuni. Huu wa sasa umeshapita ncha ya kidole. Nimeupima kwa ulimi, kwa macho siuoni. Ukucha unakwenda taratibu na doa linakwenda haraka, nami nimekaa katikati yao kama mwalimu wa zamu, sina la kuwafanya.

Lala, mwenzangu. Ninakuahidi hili. Ukucha ukiwahi, nitakifungua, na sura hizo mbili nitazisoma kwa sauti huku nimeelekea kwenu ziwani, hata majirani waseme nazungumza na maiti. Doa likiwahi, sitamwomba mpwa wangu wala mtu yeyote anisimulie kama yule mtoto alirudi. Tutabaki wote wawili hatujui.

Naomi