Kumbe Mlango Mliujua

S.L.P. 318,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada Kidoti,

Kabla ya yote, pokea salamu zangu. U hali gani huko uliko, na ile baridi yenu imepungua? Goti linaendeleaje? Shemeji bado anakoroma kama jenereta, au masikio yako yameshazoea? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu. Haya hayasemeki kwa simu, maana ungenichekesha katikati na mimi ningeyameza tena.

Kazi ya udobi ipo. Mwezi uliopita niliunguza gauni jeupe la muuguzi mstaafu, yule mteja wangu mpole. Asubuhi ile nilikuwa nimeshaonja chupa, pasi nikaisahau kifuani pa gauni hadi ikaacha umbo lake zima. Nikajiandaa kutukanwa. Mama wa watu akalikunja gauni taratibu, akanisogelea, akanusa, akasema, "Gauni nitashona jingine. Wewe, mwanangu, nani atakushona upya?"

Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Akaniambia kuna watu hukutana Jumamosi alasiri, walevi watupu wanaosaidiana kuacha. Hakuna daktari wala mhubiri, na linalosemwa mle haliruki dirisha. Ni hapo juu ya duka la vioo, Dada. Napita chini yake kila siku na kapu la nguo kichwani!

Jumamosi ya kwanza niliishia kwenye ngazi. Iliyofuata muuguzi alinishika mkono kama anayempeleka mtoto kuchanjwa. Ndani mna viti vya plastiki, feni inayolalamika, na birika kubwa la chai. Na aliyekuwa akimimina hiyo chai, kila mtu akimwita Mzee wa Birika, alikuwa kaka yetu.

Kaka! Seremala mheshimiwa, msemaji wa ukoo. Yule yule aliyenisimamisha getini siku ya harusi ya binti yake, wageni wakitazama, akasema, "Humu haingii mlevi." Nikarudi nyumbani na zawadi yangu mkononi. Yule ambaye kila Jumamosi huaga kwamba anakwenda kikao cha ushirika, nasi tukimcheka: ushirika gani huo, miaka yote haujanunua hata kuku?

Nilidhani naye ndiyo kwanza anafika, na kwa dakika moja nikamhurumia. Aliponiona, chai ikafurika kikombeni, ikamwagikia viatu vya watu. Zamu yake ilipofika akaweka birika chini, akasimama.

"Mimi ni mlevi niliyeacha," alisema. "Huyo aliyekaa karibu na mlango ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Nina miaka humu, na sijawahi kumwonyesha njia."

Yanayosemwa mle hayatoki, wala nisingekuandikia, kama si yale aliyoniambia baadaye. Tulipotoka nilimkalia kooni palepale ngazini.

"Ulinifukuza kwa ugonjwa unaougua wewe mwenyewe?"

"Niliogopa ukija utanijua."

"Na mimi kufa, hukuogopa?"

Akaketi kwenye ngazi. Ndipo akatamka: "Muulize Dada. Ndiye aliyenileta hapa, kabla hajasafiri. Aliniapisha nisimwambie mtu, jina la mkubwa wa nyumba lisije likachafuka."

Wewe, Dada.

Wewe uliyenipigia simu nilipolazwa kwa sababu ya pombe, ukalia nami, ukaniambia niombe sana. Wewe uliyenitumia kwa posta unga wa mizizi wa kuachisha pombe, mchungu kama shubiri, nami nikaunywa kwa sababu umetoka kwako. Lile duka la vioo ulilijua. Zile ngazi ulizipanda. Jina la kaka mlilifunika shuka. Langu mkalianika kwenye kamba ya nje, kila jirani akalichungulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nami dobi mzima, sikukiona.

Kaka alikuja dukani kwangu Jumatano, sikumfungulia. Jana akaja tena, akakaa kwenye benchi la nje mpaka nilipozima pasi. Tukaenda kikaoni, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Sijamsamehe, usije ukadhani. Lakini zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema kwa sauti yangu mwenyewe kwamba mimi ni mlevi. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja, dereva wa teksi, alisogeza kiti chake karibu na changu, basi.

Tangu siku ya gauni sijaonja. Mikono inatetemeka bado, mwandiko huu unajisemea wenyewe.

Sitaki unga mwingine, wala usinipigie simu. Niandikie kwa mkono wako, unijibu moja tu: ulipomchagua yeye apone, mimi ulinipangia nini?

Nisalimie shemeji, mapacha wote wawili, na mama mkwe wako, umwambie kitenge chake nilikipokea. Mungu akutunze huko ugenini, na akupe ujasiri wa kunijibu.

Wako akupendaye, na ndiyo maana imeuma,

Kitindamimba.