Baba Yuko Mafia

Kisiwani Mafia
Jumamosi, 8 Oktoba 1938

Mwanangu Mwanaasha,

Nakusalimu wewe na wote walio humo ndani. Mie mgongo haujambo, pumzi hazijambo, na baiskeli nayo haijambo. Je, nyie huko? Shangazi yako Mwanakombo bado anakohoa? Yule kuku na kifaranga chake kimoja wapo?

Basi sikiliza. Ami yako Nassibu alisimama barazani mbele za watu akasema mzee kama mie daraja la Mtoni silivuki kwa baiskeli. Mpe salamu, kisha mwambie kaka yake yuko Mafia. Mbagala nimepita watu wanakunywa uji, nimewaacha vikombe mdomoni. Mchanga wa barabara ya Kilwa unaujua, malori yanakwama, mie sikukwama. Kisiju nikaipakia baiskeli mashuani nikavuka. Leo napumzika siku moja tu, kesho safari ya Kilwa.

Kisiwa kizuri, nazi zimezagaa chini kama takataka. Wavuvi waliopiga kambi yao ya dago hapa wananiita Bwana Baiskeli, kitoweo wananiletea bila kuomba. Nimewafundisha kupanda. Wote wameanguka.

Barua hii anakuletea Shomari mchuuzi wa samaki, na changu wawili. Usimwulize maneno mengi, ana haraka zake.

Ni mie baba yako,
Mwinjuma


Temeke
Jumapili, 9 Oktoba 1938

Baba yangu, shikamoo.

Sisi tu wazima, ila kuku kaliwa na kicheche, kifaranga kimebaki. Shangazi kikohozi kimepungua, maneno hayajapungua.

Barua yako niliipata jana ileile uliyoiandika. Na changu tumewala, mashavu yao mekundu, wabichi kabisa. Shangazi akasema samaki wa Mafia huja hapa ng'onda, wameshakaushwa. Nikamwambia labda mashua za huko siku hizi zina mbio. Akafunua shavu jingine akalichungulia.

Baba, umesahau au umekusudia? Ijumaa hii naolewa na Sadallah. Posa uliipokea mwenyewe, siku uliitaja mwenyewe. Jumatatu ukatoka na baiskeli ukasema unakwenda kunyoosha miguu. Ndiyo kunyoosha gani huko mpaka Kilwa? Mchele umeshachaguliwa, wanawake wameshashona, mie naulizwa kila saa, "Baba yako yuko wapi?" na najibu, "Yuko Mafia, anapumzika." Wanacheka wakiwa wamenipa mgongo.

Kama huwezi kuwahi, andika uwakala Ami Nassibu aniozeshe kwa niaba yako. Mwezi wa mfungo huo umekaribia, kina Sadallah hawatangoja mpaka Idi.

Ni mie mwanao,
Mwanaasha


Kisiwani Mafia
Jumatatu, 10 Oktoba 1938

Mwanangu Mwanaasha,

Salamu, na pole ya kuku. Mie mzima. Goti la kulia limenenepa kidogo, ni hewa ya kisiwa.

Sasa umenichukiza. Nassibu akuozeshe? Nassibu huyu niliyemfundisha kufunga msuli? Mtu asiyejua hata breki iko wapi ashike mkono wa mkwe wangu, mie baba mtu niko hai nala samaki? Uwakala siandiki. Wino ninao, karatasi ninayo, siandiki.

Ndoa isogezwe. Waambie baba yupo katika safari kubwa ambayo Temeke nzima hakuna aliyewahi kuifanya. Ile siku ya kupumzika bado sijaimaliza, siku za huku ndefu. Na huyo Mwanakombo mwambie akipewa samaki ale, asiwasome mashavu.

Sheikh Masoud akiuliza, mwambie Mwinjuma yuko mbali hasa. Hata sala napunguza, msafiri kamili. Adhuhuri rakaa mbili, alasiri rakaa mbili. Nassibu tangu azaliwe hajawahi kufika mahali pa kumpunguzia sala.

Ni mie baba yako asiyeshindwa,
Mwinjuma


Temeke
Jumanne, 11 Oktoba 1938

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Likande kwa maji ya chumvi ya moto, usijifanye.

Nilimpelekea Sheikh Masoud barua yako, maana ulisema nimwambie. Akaisoma barazani mara mbili. Akasema, "Basi mambo yamekwisha. Baba aliye mbali kiasi cha kupunguza sala ni ghaibu, kama hayupo. Bibi harusi hawezi kuzuiwa kwa ajili yake, kadhi anashika nafasi." Jana jioni kadhi kampa idhini. Ijumaa Sheikh ananiozesha yeye, bila wewe, na bila uwakala wako unaouficha kama dhahabu. Umeikataza njia ukaifungua mwenyewe kwa kalamu yako.

Nikamwuliza, je, kama baba angekuwa karibu? Akasema hapo hakuna mtu wa kuthubutu, angetafutwa aje mwenyewe.

Ami Nassibu alikuwepo. Nilidhani atacheka. Aliuliza tu, "Goti la kulia au la kushoto?" Kisha akaenda zake.

Baba, nimechoka. Mama angekuwepo angekufuata huko akuburure kwa sikio. Mie sitaki mkono wa Sheikh, nataka wako. Shomari nimemwuliza uko wapi, kasema kaapishwa. Nikamwuliza akitoka hapa asubuhi anafika kwako saa ngapi. Kasema, "Adhuhuri nimeshafika, na ninakunywa chai njiani." Sikumwuliza zaidi, na sijamwambia mtu.

Sheikh atakuja kwetu Alhamisi baada ya alasiri. Niambie nimjibu nini.

Ni mie mwanao,
Mwanaasha


Kisiwani Sinda, mbele ya Mbwamaji
Jumatano, 12 Oktoba 1938

Mwanangu,

Nimekanda goti. Limepungua.

Mchanga wa Kongowe ulinitupa chini, goti likagonga jiwe. Nikakata kushoto mpaka Mbwamaji, wavuvi wakanivusha hapa, Mafia sikuiona. Nikipanda juu ya mwamba asubuhi naona moshi wa meli bandarini kwenu. Hayo ni yako peke yako.

Sheikh mwambie hivi. Zile rakaa mbili niliziandika, sikuzisali. Kila siku nikisimama nilikuwa nataka kupunguza, ili maneno yangu yawe kweli, ulimi unakataa. Nassibu nilimdanganya bila taabu. Mbele ya Mungu nimeshindwa. Mwambie huku adhuhuri nasali nne, na alasiri nne, kamili, kama niko chumbani kwangu. Kwa hiyo nipo karibu, na binti yangu asiguswe na mkono wa mtu.

Kesho asubuhi lori la nazi litanichukua Mbwamaji linishushe Mbagala. Shomari aje na pampu, gurudumu la nyuma limelala. Kutoka Mbagala naingia Temeke juu ya kiti, si juu ya nazi. Nassibu naye aje Mbagala. Goti likikataa yeye atasukuma kwa nyuma, ila usukani nashika mie, na tukifika Mtoni aniachie nivuke peke yangu.

Kifaranga kisichinjwe.

Ni mie baba yako, walii wako wa kukuozesha,
Mwinjuma