Kaburi la Nyanya wa Wenyewe

Ngara, Nairobi
14 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Masila,

Pokea salamu kutoka Ngara. Natumai u mzima na baridi ya huko Tartu, Estonia, haijakuingia mifupani. Sisi hatujambo, ila magoti ya Mama yanamsumbua akipanda ngazi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunijibu zaidi ya kidole gumba.

Duka linaenda vizuri. Mdogo wetu Nzisa anafanya mitihani ya kidato cha nne mwezi ujao, mwombee.

Sasa nikuambie kilichoniudhi. Ni ile picha uliyotuma kwenye grupu la familia, umeinama na reki, unasawazisha mchanga kwenye kaburi la nyanyake mwenye nyumba wako. Ukaeleza kwa maneno mengi kwamba Waestonia wana siku ya kukutana makaburini, na kwamba mwalimu wako wa utamaduni alikupongeza kwa kwenda. Nilikasirika mpaka nikashindwa kuhudumia wateja.

Baba tulimzika Mwingi mwaka juzi bila wewe. Ulisema una mtihani wa Kiestonia, tukanyamaza. Mama amekataa kaburi litiwe simiti mpaka kifungua mimba wake aweke jiwe la kwanza, kwa hivyo hadi leo ni udongo mtupu. Tangu mvua za Aprili limebonyea. Likizo mbili zimepita: moja ulienda kuimba kwenye tamasha lao, nyingine ulialikwa kuoga mvuke wa sauna shambani. Sijali unasomea nini, soma hata lugha ya samaki. Lakini usitufundishe sisi kuheshimu wafu.

Mimi na Mjomba Kitavi tumeamua. Fundi Muindi anaanza Jumamosi ya pili ya Desemba, na usipokuwepo, jiwe hilo nitaliweka mimi. Usinipigie kulalamika.

Nilimwonyesha Mama ile picha nikidhani atakasirika pamoja nami. Aliisogeza simu karibu na macho. "Kwani huko hawana watoto wao wa kulimia hiyo kaburi?" akaniuliza.

Mjomba Kitavi na Nzisa wanakusalimu. Mama naye anasema ukirudi kwa yule nyanya, umwombee Baba hapo hapo, maana ndilo kaburi lililo karibu nawe.

Mungu akulinde, na akurudishie akili.

Dada yako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Kavindu